Maji Yasiyofaa Samaki

Spana ya magurudumu ilimpata Okia tumboni wakati Inspekta Alupo bado anasukumana na watu ili apite. Aliiona ikipanda na akaiona ikishuka. Aliyeishika alikuwa Swabur, mwenye malori, mtu mpole ambaye siku nyingine yoyote angekusalimia wewe, watoto wako na mifugo yako mpaka uchoke. Asubuhi hiyo hakuwa na salamu ya mtu. Kaka yake, Zubairi, alikuwa amelala kifudifudi ndani ya duka lake la samaki wa mapambo, juu ya maji na vioo, kisogo kimepasuliwa kwa chuma. Na Okia, bodaboda kutoka Iyolwa aliyekuwa akimletea samaki kutoka upande wa Kenya, alikuwa ametoka humo dukani shati lake likichuruzika damu. Basi, kwa watu wa soko kesi ikawa imekwisha. Hawakumuuliza Okia hata jina la baba yake.

Alupo alipiga risasi moja hewani, halafu ya pili. Umati ukarudi nyuma kidogo tu, kiasi cha Konstebo Okedi kumkamata Okia ukosi, kumburura hadi ndani ya kituo na kufunga lango. Mawe yakafuata. Moja lilimpasua Okedi juu ya jicho, na Okedi, ambaye hakuwahi kusikika akitukana, akatukana kwa Kiateso na kwa Kiswahili pia.

Swabur alikuja mpaka langoni, spana bado mkononi. Sauti yake ilikuwa ya chini.

"Afande, mimi sina ugomvi na wewe. Kaka yangu tunamzika leo baada ya alasiri, dini yetu haitaki maiti ikae. Tukitoka makaburini tunakuja hapa. Kama huyo mtu bado iko ndani, tutaingia."

Alupo alimwamini kila neno. Alifikiria kumkamata palepale, kwa maana pigo la spana aliliona kwa macho yake mwenyewe. Lakini alikuwa na bastola moja, makonstebo wawili, na umati uliojaa barabara yote. Akaliacha jambo hilo kwa wakati huo.

Ndani, Okia alilazwa kwenye benchi. Muuguzi wa zahanati ya jirani alipitishwa juu ya ukuta wa nyuma, akamfunga mkono uliovunjika, akasema mgonjwa huyu hana budi kupelekwa hospitali. Yote ni sawa, lakini kumpitisha ukutani kungemmaliza, na vijana wa Swabur walikuwa wamekaa langoni, wakiapa kwamba gari la wagonjwa likitokea watalichoma na dereva wake ndani. Okia alikuwa akiomba blanketi. Mabati yalikuwa yanawaka kwa jua, kila mtu anatoka jasho, naye anaomba blanketi.

"Mimi nilimwinua tu, afande," alisema. "Nilidhani bado anapumua. Mzee yule alikuwa akinipa chai kila safari. Nimuue kwa nini?"

Alupo hakuona uongo usoni pake. Alimfunika kwa koti lake mwenyewe, akamwambia Okedi asitoke mlangoni hata kwa haja ndogo, akaruka ukuta wa nyuma na dereva wake, Konstebo Olupot, wakaifuata pikapu iliyoachwa mtaa wa pili. Kumwamini Okia hakukumsaidia Okia kitu. Alichohitaji ni muuaji wa kweli, amshike mkononi, kabla udongo haujamfunika Zubairi.

Duka la Zubairi lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake. Siku hizi mtu akijenga nyumba nzuri Busia hatulii mpaka sebuleni pawe na tangi la kioo na samaki wekundu wa kuwaonyesha wageni, na Zubairi ndiye aliyewauzia wote. Maiti ilikuwa imeshatolewa, inaoshwa nyuma. Matangi mawili yalikuwa yamevunjwa na samaki wamekufa sakafuni. Mabomba ya hewa ya yale mengine yalikuwa bado yananguruma kwa kelele za kuudhi, na Alupo akajua kwa nini majirani hawakusikia ugomvi.

Alichuchumaa mahali tumbo la marehemu lilipokuwa. Kati ya vioo palikuwa na kitu kisicho kioo cha tangi: kijiti cha plastiki na kioo, unene wa kidole, kimekatika, kinaning'inia kipande cha waya. Angekipita. Alifikiri ni takataka za matangi yaliyovunjika. Lakini ukutani, katika matangi mazima, vilikuwapo vijiti vya aina hiyohiyo ndani ya maji, na vyote vilikuwa vimeota ukungu wa kijani. Hiki hakikuwa na ukungu. Kilikuwa na gamba jeupe, gumu, na chini ya gamba matope ya kijivu. Alupo alikikwaruza kwa ukucha, akakinusa, kisha akajifuta kidole haraka kwenye suruali.

Akaomba kuonana na mjane.

Sumayah alitolewa katikati ya wanawake, amejifunga kanga kichwani. Duka lile lilikuwa lake kama lilivyokuwa la mumewe. Yeye ndiye aliyewalisha samaki na kupima maji, Zubairi akawa mtu wa maneno na wateja. Alupo alimpa pole, mwanamke kwa mwanamke, akamwonyesha kijiti. Sumayah alikiangalia kwa muda mrefu.

"Hili ni jicho la mita," alisema. "Ya kupima ukali wa maji. Lakini hili halijawahi kukaa na samaki."

Akaeleza, na alipokuwa akieleza sauti ilimtulia kidogo, kwani hii ilikuwa kazi yake. Mtu akija kutafuta mita ya tangi la nyumbani, wao humuuliza kwanza ana samaki gani na husafiri mara ngapi. Kuna mita ya kalamu: unachovya, unasoma namba, unarudisha mfukoni. Hiyo inawatosha watu wengi. Na kuna ile ya kutundika, ambayo jicho lake halitoki majini, namba inaonekana usiku na mchana, na maji yakiharibika king'ora kinalia. Hiyo ni ya mwenye samaki wa bei kubwa, au ya mtu anayetaka tu kuonekana. Namba yenyewe ni rahisi. Saba ni katikati. Chini ya saba maji yanaelekea uchachu wa ndimu, juu ya saba yanaelekea ukali wa magadi. Samaki wa sebuleni wanataka hapohapo kwenye saba.

"Za king'ora umewauzia nani?"

"Wachache. Hoteli moja ng'ambo, Kenya. Masista kule Dabani. Na Injinia Phillip wa Masaba. Huyo Phillip, Zubairi alimwambia, mzee, kalamu inakutosha. Akakataa kabisa. Akataka king'ora kilie maji yakishuka chini ya kumi na nusu. Afande, samaki gani anaishi kwenye kumi na nusu? Hata wale wa Ziwa Tanganyika wanaopenda maji makali hawapiti tisa. Kumi na nusu ni maji ya kufulia. Zubairi alicheka siku hiyo, akadhani ni ujinga wa tajiri."

"Na baadaye?"

"Baadaye ng'ombe za watu wa Masaba zikaanza kufa mtoni, akaacha kucheka. Akasema, huyo akirudi nitamuuliza."

Asubuhi hiyo, alisema Sumayah, alikuwa jikoni. Alisikia mwanamume akitaka jicho jingine, la kwanza limekufa. Sauti hakuitambua kwa sababu ya mabomba. Alisikia Zubairi akipandisha sauti, kisha vioo. Alipokimbia mbele alimkuta Okia amemkumbatia mumewe, na barabara imeshajaa watu.

"Mbona hukuwaambia?"

"Hakuna aliyeniuliza," alisema Sumayah. "Walikuja wakanikumbatia, wakaniambia wameshamshika."

Ndipo akalia. Alupo alimwacha alie, na moyo wake ulimuuma, lakini miguu ilikuwa inataka kuondoka. Kabla ya kuhamishiwa Busia alifanya kazi Tororo, na kule aliwahi kutoa maiti kwenye banda la watu wanaoosha dhahabu kwa sumu. Ofisa wa madini alimweleza wakiwa wamesimama nje, vitambaa puani. Sumu ile hutiwa kwenye matangi ya udongo wa dhahabu pamoja na chokaa, na chokaa ndiyo inayoishikilia isitoke majini. Ukali wa maji ukishuka chini ya kumi, sumu inageuka hewa, na hewa hiyo inaua kabla hujamaliza kukohoa. Kwa hiyo watu wa kazi hiyo hufundishwa jambo moja kabla ya mengine yote: maji yakishuka, ziba pua, ukimbie.

Hoteli ya ng'ambo aliipigia simu. Mita yao ilikuwa inafanya kazi. Masista wa Dabani walisema hivyohivyo, tena wakamwomba aje aone samaki wao. Akabaki Phillip. Lakini mita iliyoharibika si hatia, na kijiti chenye chokaa hakiwezi kuzuia umati. Alupo aliangalia rafu, akashusha mita mpya ya king'ora, sura ileile, sauti ileile, akamwomba Sumayah aitege kama alivyotaka yule mteja.

Sumayah alifuta macho, akaitega.

Phillip aliwapokea vizuri mno. Alikuwa na nyumba ya vigae vyekundu, geti la chuma, na nyuma ya nyumba uzio mrefu wa mabati ambao hakuuzungumzia. Pikapu ya polisi waliiacha mbali barabarani; Alupo alikuwa amebadili nguo, amevaa gauni la kawaida, mkoba begani, na Olupot hakuwa na sare. Alijitambulisha kuwa mama wa Tororo anayemalizia nyumba, anataka tangi la samaki, na duka la Busia amelikuta lina msiba. Watu wamemwambia Injinia ndiye anayejua mambo haya, basi amsaidie kuchagua mita.

Phillip alisema amesikia habari za Zubairi, pole sana, dunia imeharibika. Mikono yake ilikuwa safi, kucha zimekatwa. Tangi lake lilikuwa ukutani, kubwa, samaki wekundu wanazunguka. Alimwambia Alupo asipoteze hela zake: achukue kalamu. Yeye mwenyewe anatumia kalamu.

"Na ile ya king'ora wanayosema ulinunua?"

"Iliharibika, nikatupa." Hakupepesa macho.

Jibu lilikuwa zuri. Alupo akatoa mita mkobani, akasema hii amepewa aijaribu, hata hajui inavyowashwa, Injinia amwonyeshe basi. Phillip aliinama kwenye tangi kama mwalimu, uso wake karibu uguse maji. Alupo akatumbukiza jicho. Namba zikacheza, zikashuka mpaka saba na kitu, na king'ora kikalia.

Phillip aliziba pua na mdomo kwa mkono, akaruka meza ya kahawa, akaangusha kiti, akapiga mlango kwa bega na kutoka. Hakusimama barazani. Alikimbia mpaka katikati ya uwanja, upande upepo unakotoka, na hapo akasimama, mkono bado mdomoni, kifua kimejaa pumzi aliyokuwa ameizuia. Olupot, ambaye hakuelewa lolote, alitazama chini ya viti akitafuta nyoka.

Samaki waliendelea kuzunguka. Alupo alisimama mlangoni, kijiti kinadondosha maji.

"Injinia, samaki wako wazima. Unakimbia nini?"

Phillip aliushusha mkono pole pole. Alimtazama Alupo, akaitazama mita, na Alupo akaona jinsi jambo lilivyomwingia: kwanza aibu, kisha hesabu, kisha kitu kibaya zaidi. Hakukimbilia geti. Alichukua mtaimbo uliokuwa umeegemezwa ukutani, akarudi ndani.

Pigo la kwanza lilimpata Olupot begani, mfupa ukalia. La pili lilimkosa Alupo, likapasua tangi, na maji yote yakamwagika sebuleni pamoja na samaki na changarawe. Alupo alikuwa ameshatoa bastola, lakini mguu ulimteleza, akaanguka chali, na Phillip akamrukia. Aliulaza mtaimbo kooni mwake, akaukandamiza kwa uzito wake wote. Uso wake ulikuwa karibu kabisa. Haukuwa na hasira, ulikuwa na bidii tu, kama wa mtu anayefunga gunia. Alupo aliona giza pembeni mwa macho. Alitafuta paja la mtu yule kwa mdomo wa bastola, akalipata, akafyatua mara mbili.

Kelele aliyoitoa Phillip ilisikika mpaka barabarani. Alupo alijikokota, akatapika, akamfunga pingu akiwa bado anakohoa, kisha akachana pazia akamfunga paja asije akamfia. Alikuwa ameogopa, na hakuficha.

Nyuma ya mabati palikuwa na matangi ya saruji yaliyojaa tope la kijivu, magunia ya chokaa, na mfereji uliochimbwa kuelekea mtoni. Vibarua walikuwa wametoroka. Kwenye nguzo ilitundikwa mita ya king'ora, waya wake umekatika. Alupo alitoa kijiti cha dukani, akakutanisha waya na waya. Vikaenda sawasawa.

"Nilitaka jicho jingine tu," alisema Phillip alipoinuliwa garini. "Yeye akaanza kuniuliza habari za ng'ombe. Akalishika, hataki kuliachia. Ningefanyaje?"

Alupo aliendesha mwenyewe, kwa kuwa Olupot alikuwa na mkono mmoja, na mkono huo ulikuwa umemshika Phillip nyuma ya pikapu. Barabara ya kutoka Masaba inapita makaburini. Aliomba awahi kupita kabla hawajamaliza. Hakuwahi. Alipokata kona aliwakuta, kofia na kanzu barabara nzima, wamemaliza kuzika, wanaelekea mjini. Swabur alikuwa mbele. Aliiona pikapu ya polisi, akanyoosha mkono, na hapakuwa na pa kupita.

"Afande, umembeba nani?"

Alupo alifikiria kudanganya. Angeweza kusema ni mwizi wa ng'ombe, wampishe. Lakini wakimpisha, wangeendelea na safari yao mpaka kwa Okia. Akashuka, akapanda nyuma ya pikapu, akasimama mbele ya Phillip na bastola mkononi, koo limevimba, sauti haitoki vizuri.

"Aliyemuua Zubairi. Ushahidi ninao, na amekiri kwa mdomo wake. Okia alimkuta kaka yako chini, akamwinua. Damu mliyoiona ni hiyo."

Kisha watu wakaanza kuinama kuokota mawe, safari hii kwa ajili ya Phillip, na Phillip akaanza kulia kama hakuwa yule aliyeshika mtaimbo. Alupo alijua risasi alizobaki nazo hazitoshi kitu. Watu hawa walihitaji kusikia sauti ya mtu waliyetaka kumuua bure. Huenda wakaona haya. Alitoa simu, akampigia Okedi, akaweka sauti ya nje, akaiinua juu.

"Okedi, mpe Okia simu. Aongee na Swabur."

Kilichosikika ni hatua za miguu tu, na mlango ukifungwa.

"Okedi!"

"Afande, Okia amekata roho." Sauti ilitoka kubwa, kila aliyekuwa karibu akaisikia. "Sasa hivi tu. Muuguzi anasema bandama lilipasuka, damu ilimwagikia ndani. Alikuwa anauliza kama umerudi."

Hakuna aliyerusha jiwe. Waliokuwa nyuma ndio walioanza kuondoka, wakageuka kimyakimya, mmoja mmoja, kila mtu amekumbuka kazi yake. Kanzu zikapungua. Waliokuwa langoni asubuhi, walioapa kuchoma gari la wagonjwa, Alupo aliwatafuta kwa macho asiwaone. Barabara iliyokuwa imejaa ikabaki na Swabur peke yake, mikono ina udongo wa kaburi, anaitazama ile simu.

"Nilimpiga mara moja," alisema.

"Niliona," Alupo alisema. Hapo alitaka kulia pia, kwa ajili ya Okia na koti alilomfunikia, na kwa ajili ya hili lililokuwa mbele yake. "Panda, Swabur."

Hakuwa na pingu nyingine, na hazikuhitajika. Swabur alikunja kanzu yake, akakanyaga gurudumu, akapanda mwenyewe. Nyuma palikuwa padogo, pamejaa damu. Phillip alimtazama, akausogeza mguu wake uliojeruhiwa, akampisha nafasi akae.